Trekta Lisilowaka: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Pampu

Pampu ya dizeli ndiyo kifaa kinacholaumiwa haraka zaidi trekta linapokataa kuwaka, na ndiyo kifaa kinachostahili kufunguliwa mwisho kabisa. Vipande vyake vya ndani vimesagwa vikalingana kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kuipanga upya kunahitaji mashine ya kupimia ambayo haipo chini ya mwembe shambani. Pampu iliyofunguliwa kwa haraka mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa, na inasikitisha zaidi kugundua baadaye kwamba tatizo la kwanza lilikuwa waya wenye kutu au valvu ya tangi iliyofungwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu mmoja: unaanza na vitu vya nje, vya bei ndogo na visivyohitaji kufunguliwa sana, ndipo unaingia ndani.

Mfano unaotumika hapa ni Massey Ferguson 240 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, kwa sababu mashamba mengi ya Tanzania na Kenya yanalifahamu trekta hilo au ndugu zake kama 135, 290 na 375. Matrekta mengine ya dizeli yanafuata kanuni ileile, ingawa mahali pa vifaa panaweza kutofautiana.

Kabla ya kugusa chochote

Weka giya zote huru, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, na ushushe jembe au haro hadi ardhini. Hakikisha pia kwamba kijiti cha pitio (PTO, mhimili wa nyuma unaozungusha zana) kimezimwa, kwani injini inayowaka ghafla itazungusha kila kilichounganishwa nayo.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote katika mwongozo huu. Wako mafundi na madereva wanaowasha trekta kwa kusimama kando ya injini, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, na kugusanisha nguzo mbili za stata (mota inayozungusha injini ili iwake) kwa bisibisi. Njia hiyo inairuka swichi ya usalama iliyowekwa ili trekta lisiwake likiwa kwenye giya. Injini ya dizeli ikiwaka giya ikiwa imeingia, trekta huondoka papo hapo, na aliyesimama mbele ya gurudumu hana nafasi ya kukimbia. Watu wamekufa kwa namna hii katika nchi nyingi. Washa trekta ukiwa umekaa kwenye kiti, na kama haliwaki kwa ufunguo, tafuta sababu.

Geuza ufunguo na usikilize

Mlio wa injini unapogeuza ufunguo unakueleza pa kuanzia. Stata ikikaa kimya au ikitoa kishindo kimoja tu bila kuzungusha injini, tatizo liko kwenye umeme. Ikizungusha injini kwa uvivu, kama inayopandisha mlima, bado ni umeme, au pengine ni uzito ndani ya injini yenyewe. Ikizungusha kwa kasi ya kawaida lakini injini haishiki moto, achana na betri na uende kwenye dizeli na hewa. Fundi anayebadilisha machujio ya dizeli kwenye trekta ambalo stata yake haizunguki anapoteza fedha za mwenye trekta, na jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Stata ikiwa kimya

Anza na kijiti kinachochagua mwendo wa juu na wa chini. Kwenye MF 240 stata haipati umeme mpaka kijiti hicho kiwe huru kabisa, na baada ya miaka mingi ya kazi, viungo vyake hulegea hata dereva akadhani kiko huru kumbe kimeegemea upande mmoja. Kitikise, kirudishe katikati, kisha jaribu tena. Kwenye matrekta mapya ni lazima pia klachi ikanyagwe hadi chini.

Baada ya hapo washa taa kubwa za mbele na umwombe mtu azitazame unapogeuza ufunguo. Taa zikizimika kabisa au zikififia hadi kuwa nyekundu, umeme haupo wa kutosha: betri imekwisha au kuna kiungo kibovu kati ya betri na stata. Taa zikibaki na mwanga uleule na hakuna sauti yoyote, umeme upo lakini hauifikii stata, kwa hiyo kagua fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama ya giya na waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata. Panya hupenda kutafuna nyaya hizo trekta linapokaa bandani msimu mzima, hasa pale nyaya zinapopita chini ya dashibodi.

Betri ipimwe kwa mita ya umeme baada ya kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, na ikisoma 12.0 haina nguvu ya kuzungusha injini ya dizeli ingawa taa na honi bado vinafanya kazi. Hilo la mwisho huwapotosha wengi, kwa maana honi inaridhika na umeme kidogo sana ukilinganisha na stata. Stata inapozunguka, volti za betri nzuri zinashuka lakini hazipaswi kuwa chini sana ya 9.6. Kama betri ina vifuniko, angalia pia kama maji yamefunika sahani zote, na uongeze maji ya betri peke yake, si tindikali.

Kisha vije viungo. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo za betri ni kizuizi cha umeme, hata kibano kikiwa kimekazwa vizuri. Fungua kibano cha hasi kwanza, halafu cha chanya. Vioshe kwa maji ya moto yenye magadi ukihakikisha maji hayo hayaingii ndani ya betri, visugue kwa msasa hadi chuma king'ae, virudishe ukianza na chanya, na upake grisi juu. Usiishie hapo, kwa sababu mwisho wa pili wa waya wa hasi, ule wa ethi uliofungwa kwa bolti kwenye mwili wa trekta, ndio unaosahaulika kabisa. Chini ya bolti hiyo hujaa kutu, tope na rangi iliyopakwa wakati trekta lilipofanyiwa ukarabati. Nimeona trekta likinunuliwa betri mbili mpya katika msimu mmoja, na dawa yake ilikuwa msasa wa dakika tano mahali hapo.

Mwenye mita anaweza kulithibitisha jambo hili bila kufungua kitu. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi yenyewe, si kwenye kibano, na ncha ya pili kwenye mwili wa stata, kisha mtu ageuze ufunguo. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani na ethi ndiyo mkosaji. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti nene ya stata.

Ikiwa betri ni nzuri, viungo ni visafi na solenoidi inatoa kishindo bila stata kuzunguka, basi stata ifunguliwe na kupelekwa kwa fundi wa umeme akague kaboni, bushi na sahani za solenoidi. Hizo ni kazi za bei nafuu.

Ukiazima betri

Betri ya kuazima iwe ya volti 12. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, na kuunganisha mfumo mzima wa lori kwenye trekta huunguza alteneta na vifaa vingine. Unganisha chanya kwa chanya. Kisha waya wa hasi utoke kwenye betri nzima na uishie kwenye chuma kisafi cha injini ya trekta lililokufa, mbali na betri yake. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ndogo karibu nayo inatosha kuipasua na kumwagia mtu tindikali usoni.

Stata ikizunguka kwa uvivu au ikigoma katikati

Uvivu wa stata kwa kawaida unatokana na yale yaliyokwisha elezwa. Yapo hata hivyo mambo mawili ya ziada. La kwanza ni oili nzito: anayetumia oili ya SAE 40 au 50 katika maeneo yenye baridi kama Njombe au Molo atapata shida asubuhi za Juni na Julai, ilhali 15W-40 huzunguka kwa wepesi zaidi. La pili ni la hatari. Injini ikizunguka kidogo kisha ikagonga na kusimama palepale kila mara, usiendelee kuilazimisha. Yawezekana maji ya rejeta yamevuja ndani ya silinda, au mvua imeingia kwa bomba la moshi lisilo na kifuniko, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, kulazimisha kutapinda koni rodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Fungua nozeli zote (vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda), zungusha injini kwa spana kubwa kwenye bolti ya puli ya mbele, na usimame mbali na matundu. Maji yakiruka nje, umepata jibu, na kazi inayofuata ni gasketi au silinda hedi.

Inazunguka vizuri lakini haishiki

Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche. Hewa inabanwa hadi takribani sehemu moja ya kumi na sita au kumi na nane ya ujazo wake, inapata joto la nyuzi 500 au zaidi, na dizeli inayopulizwa ndani yake inawaka yenyewe. Kwa hiyo kuna mambo matatu tu ya kuuliza: je, dizeli inafika, je, hewa inaingia, na je, hewa hiyo inabanwa vya kutosha kupata joto? Bomba la moshi litakujibu. Mwombe mtu azungushe stata kwa sekunde zisizozidi 15, kisha aipumzishe kwa dakika nzima, nawe utazame.

Bila moshi kabisa

Dizeli haifiki. Hakikisha kwanza kwamba kitufe cha kuzimia injini kimerudi ndani kabisa, na ufuate waya wake hadi kwenye pampu uone kama mkono mdogo pale unarudi. Waya huo hushika kutu na kubaki kwenye hali ya kuzima. Matrekta yenye solenoidi ya kuzimia hutoa mlio mdogo wa "tik" kwenye pampu unapofungua ufunguo. Usipousikia, pima kama umeme unafika hapo.

Halafu fuata njia ya dizeli kutoka tangini. Fungua kifuniko cha tangi: kama kinafyonza hewa kwa sauti, tundu lake la kupumulia limeziba, mara nyingi kwa vumbi au udongo wa nyigu. Angalia valvu ya tangi, kisha kikombe cha kioo kinachokusanya uchafu, kama kipo. Maji hukaa chini yakionekana kama mafuta ya rangi tofauti, na ukiyakuta hapo, mwaga pia yaliyo chini ya machujio na ubadilishe machujio yenyewe. Anayehifadhi dizeli kwenye madumu na pipa aiache itulie angalau usiku mzima na asichote ya chini kabisa.

Ubora wa dizeli nao una historia yake. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta yanayouzwa Tanzania, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo kwenye mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Kwa mwenye trekta hasara yake ni ya moja kwa moja: pampu ya dizeli ya aina ya DPA, kama ile ya MF 240, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Sasa legeza bomba linaloingia kwenye chujio na upige pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa injini. Kama kijiti chake ni chepesi na hakisukumi kitu, geuza injini kidogo kwanza, kwa maana kamshafti inaweza kuwa imekwisha kuisukuma pampu hiyo hadi mwisho wa mwendo wake. Kama bado haisukumi, ngozi yake ya ndani imechanika. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili iliyoongezeka na kunuka dizeli inathibitisha kwamba dizeli inavujia kwenye injini, na injini isiwashwe mpaka oili hiyo imwagwe.

Kutoa hewa kwenye mfumo

Kila mara dizeli inapokwisha kabisa tangini au chujio linapofunguliwa, hewa huingia, na pampu haiwezi kusukuma hewa. Kazi hii ifanywe kwa usafi na kwa mpangilio, ukifuata njia ya dizeli. Injini hizi za zamani zina nati za inchi. Spana ya milimita isiyokaa sawasawa huzila pembe na kukuachia kazi nyingine.

Jaza tangi angalau nusu na ufungue valvu. Legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya chujio, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kisha ikaze huku dizeli ikiendelea kutoka. Nenda kwenye pampu ya DPA, ambayo ina skrubu mbili za hewa: moja juu, kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti mwendo wa injini), na nyingine ubavuni, kwenye bolti inayoshikilia kichwa cha pampu. Zilegeze zote mbili, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza ya ubavuni kwanza na ya juu baadaye. Legeza kisha nati ya bomba linaloingia kwenye pampu, piga tena, na uikaze.

Mwisho legeza nati za mabomba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozeli, sukuma kijiti cha mafuta (ekseleta) hadi mwisho, na mtu azungushe stata. Dizeli itaanza kuruka kwa vipande vidogo. Hapo kaza nati na injini itawaka, pengine kwa kukohoa mwanzoni. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayotoka kwenye nozeli. Shinikizo lake linapenya ngozi, jeraha linaonekana dogo kama la sindano, na mtu aliyepenywa anatakiwa kupelekwa hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu makubwa.

Iwapo trekta linawaka baada ya kutoa hewa lakini kesho yake linakataa tena, kuna mahali panapovuta hewa. Kwenye MF 240 tangi liko juu ya injini, kwa hiyo kiungo kilicholegea kwa kawaida kitadondosha dizeli nje na kujionyesha. Kwenye matrekta yenye tangi chini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kiungo kinaingiza hewa bila kudondosha chochote na dizeli yote hurudi tangini usiku. Njia ya kumaliza ubishi ni kutundika dumu dogo safi juu ya injini na kuleta dizeli kwa mpira unaopitisha mwanga hadi kwenye chujio. Trekta likiwaka vizuri kwa siku mbili likiwa hivyo, kosa liko kati ya tangi na chujio.

Moshi mweupe

Dizeli inafika lakini haiwaki kwa sababu hakuna joto la kutosha. Kama ni asubuhi ya baridi na trekta linawaka vizuri mchana, angalia kifaa cha kupashia joto kilicho kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Ufunguo ukishikiliwa kwenye nafasi ya joto kwa sekunde 15 hadi 20, waya wake huiva, valvu ndogo hufunguka na dizeli kidogo huwaka ndani ya njia ya hewa. Kwenye matrekta mengi kifaa hiki kimekatwa waya au kimezibwa bomba lake na hakuna anayekumbuka. Usipulize dawa ya etha kwenye injini yenye kifaa hicho, kwani inaweza kulipuka ndani ya manifoldi.

Moshi mweupe wa dizeli hukereketa macho. Ule wa maji ya rejeta hauna ukali huo, na rejeta nayo hupungua. Kama moshi ni wa dizeli hata mchana wa jua kali, peleka nozeli zikapimwe, kisha upime mbano wa silinda. Injini inayopumua moshi mwingi kupitia kifuniko cha kujazia oili na ambayo hula oili imechoka ringi.

Moshi mweusi

Hewa haitoshi. Chujio la hewa la bakuli la oili linaposafishwa, oili isizidi alama, na waya za juu zioshwe kwa dizeli na kukaushwa. Wakati wa vumbi, kazi hii ni ya kila siku.

Linawaka asubuhi, likipata moto linakataa

Hapa ndipo pampu inapostahili kushukiwa. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi, na pampu iliyolika ndani huivujisha kabla haijapata shinikizo la kufungua nozeli. Trekta linalima kutwa bila tatizo, linazimwa kwa chakula cha mchana, kisha halitaki kuwaka hadi lipoe. Injini ikiwa imezimwa, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika kumi, kisha jaribu. Likiwaka, pampu imechakaa na hakuna chujio wala betri itakayolisaidia. Usimwage maji baridi moja kwa moja kwenye pampu ya moto, maana vyuma vyake vinaweza kukamatana.

Kabla ya kuishusha, osha eneo lote, na uhakikishe unaona mkwaruzo wa alama unaopita kwenye kitako cha pampu na kifuniko cha mbele cha injini. Kama haupo, uchore mwenyewe kwa ncha kali, kwa sababu kwa alama hiyo pampu itarudishwa kwenye wakati wake sahihi. Ziba kila tundu kwa kifuniko au plastiki safi. Peleka pampu pamoja na nozeli zake kwenye karakana yenye mashine ya kupimia, na umweleze fundi kwamba trekta huwaka likiwa baridi na hukataa likiwa la moto.